LUBUMBASHI: MJI ULIOCHORWA KWA RULA, UKAJENGWA NA WALIOTOKA MBALI



Katika jarida hili la ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi, kamati imeona vema kuleta makala ya historia. Huenda wapo watakaouliza: yafaa nini kuzungumza habari za majengo na barabara za mji wa mbali, wakati sisi wenyewe twalala chini ya turubai? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwa kuutazama mji mmoja tu, Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo. Baadhi yetu tumezaliwa huko. Wengine tumepita huko tukitafuta kazi, au wazee wetu walikwenda huko kwa mkataba. Hata wale wasioufahamu wanasema lugha iliyoulea mji huo, yaani Kiswahili.

Tumeuchagua mji huu kwa sababu moja kubwa. Waliouchora na waliojenga na kuukalia walikuwa watu tofauti. Tukifuata habari zake tangu mwanzo hadi leo, tutaona jinsi mistari iliyochorwa na wenye nguvu inavyoweza kugeuzwa na maisha ya watu wa kawaida. Tutaona pia kwamba mtu anaweza kujenga mji kwa mikono yake, kisha akafukuzwa humo kwa siku moja.

1. SHABA ILIKUWAKO KABLA YA MJI

Si kweli kwamba Katanga ilikuwa pori tupu hadi Wazungu walipofika. Wafua shaba wa nchi ile walichimba na kuyeyusha madini kwa karne nyingi. Shaba ilimiminwa katika umbo la msalaba mdogo, na misalaba hiyo ikatumika katika biashara na katika mahari. Wachimbaji wa mambo ya kale wameikuta katika makaburi ya watu wa zamani huko Sanga, kwenye bonde la Upemba.

Katika karne ya 19 alikuja Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara kutoka Unyamwezi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Aliunda ufalme wa Garenganze na kuweka makao yake Bunkeya. Misafara ya kutoka mashariki ilifika huko kununua shaba na pembe za ndovu, na Kiswahili kikasafiri nayo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na watu wa msafara uliotumwa na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Tangu hapo shaba ilikuwa na mwenyewe mwingine.

Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Mgodi wake wa kwanza mkubwa, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku na Wazungu wakauita Étoile, yaani Nyota, ulikuwa karibu na mto mdogo uitwao Lubumbashi. Mji ulifuata mgodi.

2. RELI, TANURU NA RULA

Mwaka 1910 mambo matatu yalikutana. Reli iliyotoka kusini, kupitia Rhodesia, ilivuka mpaka na kufika. Makamu wa gavana mkuu, Émile Wangermée, akaamua mji wa utawala uwe hapo. Tena wapimaji wakatandaza kamba zao porini wakachora mitaa. Mji ukaitwa Élisabethville, kwa heshima ya malkia Elisabeth, mke wa mfalme Albert I wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata, 1911, tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi kando ya mto.

Mtu akitazama ramani ya katikati ya mji ataona mara moja kazi ya rula. Barabara zimenyooka na zinakatana kwa pembe sawa, na viwanja ni vya mraba au mstatili. Mchoro wa namna hiyo ni rahisi kwa mtawala. Kila kiwanja kina namba, kila namba inaweza kuuzwa au kutozwa kodi, na askari akisimama njia panda huona mbali pande nne. Njia za kale za miguu ambazo wanavijiji walizifuata kwenda mashambani au mtoni hazikuhesabiwa.

Nyumba za kwanza zilikuwa za vifaa vyepesi, na baadaye zikaja za matofali ya kuchoma na mabati, zenye barza pana mbele ili kuzuia jua na mvua. Matofali hayo yalitoka wapi? Nchi ya Katanga imejaa vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kupita nyumba. Udongo wake ni mzuri kwa matofali. Vichuguu vikavunjwa, udongo ukafinyangwa, ukachomwa kwa kuni za msitu wa jirani. Ndiyo kusema sehemu kubwa ya mji imetokana na udongo wa palepale, na waliouchimba na kuubeba walikuwa vibarua Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa katika kuta.

Baadaye yalikuja majengo ya fahari: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo la mwanzoni mwa miaka ya 1920, hoteli, mabenki, mahakama, na sinagogi la Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Wagiriki, Waitaliani na Wareno walifungua maduka. Miti ya jakaranda ikapandwa kando ya avenyu, ikawa alama ya mji hadi leo.

3. UKANDA MTUPU

Sasa tufike kwenye jambo lililoufanya mji huu uwe mji wa kikoloni hasa. Wazungu walikaa katikati. Waafrika walipangiwa kukaa kando, katika sehemu iliyoitwa cité. Tangu miaka ya 1920 cité hiyo ilikuwa mahali panapoitwa leo Kamalondo, kusini mwa mji wa Wazungu. Kati ya pande hizo mbili kuliachwa ukanda mtupu wenye upana wa mita mia kadhaa. Uliitwa ukanda usio wa upande wowote.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Madaktari wa wakati ule walidai kwamba mbu wa malaria, baada ya kumwuma Mwafrika, hawezi kuruka umbali huo hadi kitandani kwa Mzungu. Lakini ndugu wasomaji, tazameni jinsi hoja hiyo ilivyokuwa na tundu. Nyuma ya kila nyumba ya Mzungu kulikuwa na vyumba vidogo vya maboi. Mpishi, mfuaji na mlinzi walilala humo. Mbu hakuhitaji kuvuka ukanda wowote. Kilichozuiwa na ukanda ule kilikuwa watu, maana Mwafrika aliyekutwa mjini usiku bila karatasi ya ruhusa alikamatwa.

Mwaka 1932 cité ilipewa sheria yake yenyewe, ikawa kituo cha watu walioishi nje ya mamlaka ya machifu wa kimila. Kilikuwa na mahakama yake na baraza lake, chini ya uangalizi wa Mbelgiji. Hata hivyo aliyekaa humo alikuwa kama mpangaji wa serikali. Alijenga, akalipa kodi, lakini ardhi haikuwa yake. Ilikuwa mwaka 1953 ndipo amri ilipotolewa kuwafungulia Wakongomani njia ya kumiliki viwanja kisheria.

4. KAMBI ZA WAFANYAKAZI

Mbali na cité palikuwa na kambi za Union Minière. Neno kambi tunalijua vizuri, basi tulitazame kwa makini.

Miaka ya mwanzo wafanyakazi waliletwa kwa mikataba mifupi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo. Walilala wamebanana, na magonjwa, hasa nimonia, yaliua wengi. Kampuni iliona hasara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili siasa yake. Iliajiri watu kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawahimiza waje na wake zao. Nyumba ndogo za matofali zilijengwa kwa safu, zote sawasawa. Kukawa na zahanati, shule za wamisionari, na posho iliyogawiwa kila juma kwa kadiri ya watu wa nyumba. Wazee wa Katanga wanalikumbuka neno posho vizuri kama sisi tunavyolijua.

Hapo ndipo Kiswahili kilipopata nguvu mpya. Mluba, Mbemba, Mtetela, Mnyarwanda na Mrundi walikuwa jirani mlango kwa mlango. Walihitaji lugha ya kisimani, ya kazini na ya shuleni. Kiswahili cha Lubumbashi kilizaliwa katika safu zile za nyumba, kikachukua maneno ya Kibemba, Kiluba na Kifaransa. Kampuni ilipanga nyumba, lakini lugha na urafiki vilipangwa na waliokaa ndani yake.

Kambi ilikuwa na uzuri wake, ila ilikuwa na masharti. Nyumba ilikwenda na kazi. Shida ya uchumi wa dunia ilipofika, kati ya 1930 na 1932, zaidi ya nusu ya wafanyakazi Waafrika wa kampuni waliondolewa na kurudishwa makwao. Na Desemba 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wafanyakazi waliogoma kwa ajili ya mishahara walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari waliwafyatulia risasi na makumi wakauawa, miongoni mwao msemaji wao Léonard Mpoyi. Uwanja wa michezo ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kuwatuliza watu, ukawa mahali pa msiba wao.

5. KENYA, KATUBA NA RUASHI

Baada ya vita hiyo shaba ilihitajiwa sana duniani, na mji ukavimba. Kamalondo haikutosha. Upande wa pili wa mji ulipanuka kwa vitongoji vya Kenya, Katuba na Ruashi. Hapa kuna jambo la kupendeza katika historia ya ujenzi. Badala ya serikali kujenga kila nyumba, katika sehemu kadhaa wakazi walipewa kiwanja kilichopimwa na mkopo wa vifaa, kisha wakajenga wenyewe au wakamlipa fundi wao. Ofisa Mbelgiji Grévisse ndiye anayetajwa sana kwa mpango huo.

Matokeo yanaonekana hata leo. Mitaa imenyooka, kwa maana mpimaji alipita. Lakini nyumba hazifanani. Huyu aliweka barza ya nguzo, yule akapaka kuta rangi na kuchora maua. Mwingine aliongeza vyumba viwili uani kwa ajili ya wapangaji, au akafungua genge la kuuza unga na chumvi dirishani. Penye rula palianza kuonekana mkono wa mtu.

Wakati huohuo upande wa wenye uwezo ulipata majengo ya kisasa ya saruji, pamoja na chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 1956 na jumba la maonyesho la miaka hiyohiyo. Nao ukanda mtupu ulianza kuliwa kidogokidogo na majengo ya umma, na baada ya uhuru ukaendelea kujaa. Leo mgeni anaweza kuvuka kutoka katikati ya mji hadi Kamalondo asitambue kwamba alipita penye mpaka.

6. KAMBI YA WAKIMBIZI NDANI YA MJI

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Jumba lile la maonyesho liligeuka ukumbi wa siasa, na hadi leo ni jengo la baraza la mkoa, likiitwa Jengo la 30 Juni.

Siasa ya kujitenga ilileta maneno ya wenyeji na wageni. Watu wa Kasai na wengineo waliohesabiwa kuwa maadui walisumbuliwa katika mitaa waliyoijenga. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 1961 walikimbilia kwa askari wa Umoja wa Mataifa. Ndani ya majuma machache watu wapatao 35,000 walikuwa wamekusanyika katika kambi ya mabanda ya majani, mbao, mabati na maboksi, kando ya mji huohuo. Idadi iliendelea kupanda, hata mwaka 1962 Umoja wa Mataifa ukawasafirisha wengi kwenda Kasai.

Tuitazame picha hiyo. Kilomita chache kutoka kambini zilisimama nyumba zao za matofali, zenye milango waliyoifunga kwa funguo zilizokuwa bado mifukoni. Fundi aliyejenga Katuba alilala chini ya maboksi. Anayedhani mkimbizi ni mtu asiyejua kujenga, asiyezoea mji wala utaratibu, na akumbuke kambi ile.

7. JINA JIPYA NA MAJERAHA MAPYA

Kujitenga kulikwisha Januari 1963. Mwaka 1966 Élisabethville likafutwa na mji ukachukua jina la mto wake, Lubumbashi. Mwaka 1967 mali ya Union Minière nchini ilitwaliwa na serikali, na kampuni iliyorithi ikaja kuitwa Gécamines. Bomba refu la moshi na kilima cheusi cha takataka za shaba vikabaki alama za mji.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Tarakimu hizo zinasomeka katika kuta: rangi ilibanduka, mabomba ya maji yakakauka, bustani za maua zikawa mashamba ya mahindi na mihogo. Vitongoji vilienea bila mpimaji kwa matofali ya udongo wa vichuguu, kama mwaka 1910, lakini safari hii bila ramani.

Kisha yakarudi maneno yaleyale ya wenyeji na wageni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, laki kadhaa, walifukuzwa, hasa katika miji jirani ya Likasi na Kolwezi. Walikaa vituo vya reli majuma na miezi wakingoja treni. Wengi walizaliwa Katanga, wajukuu wa wale walioletwa na kampuni kujenga. Hatuyasemi haya ili kuamsha chuki. Tunayasema kwa sababu katika kambi yetu wamo watu wa pande zote, na kila mmoja anajua maana ya kuacha mlango nyuma.

Katika vita vya 1998 hadi 2003 Lubumbashi yenyewe haikutekwa, lakini ilipokea waliokimbia kutoka kaskazini ya Katanga. Pweto ilipoanguka Desemba 2000, maelfu wengine walivuka kwenda Zambia. Leo mji una zaidi ya watu milioni mbili. Hata kile kilima cheusi kimegeuka mali: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kinachimbwa kwa ajili ya kobalti.

8. JINSI YA KUUSOMA MJI

Tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, tunapata nini kwa kujifunza haya? Mji husomwa kama kitabu, na kuna njia tatu ambazo kijana yeyote anaweza kuzitumia bila shule kubwa.

Kwanza, soma mistari. Barabara imenyooka au imepinda? Iliyonyooka ilichorwa na mamlaka, iliyopinda ilikanyagwa na miguu. Mahali palipoachwa patupu, uliza ni nani alipaacha na kwa faida ya nani.

Pili, soma kuta. Tofali limetoka wapi, bati limetoka wapi, nani amelibeba? Nyumba zinazofanana zote zina bwana mmoja. Nyumba zinazoanza kutofautiana zimepata wenyewe.

Tatu, soma maneno. Majina ya mitaa hubadilika kila utawala ukibadilika, lakini wazee hushika majina ya zamani. Katika hili Lubumbashi imetupa mfano mkubwa. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani kilitoa historia ya mji wao, iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mji huo. Ni watu waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu, waliolala katika vyumba vile vya nyuma na kuvuka ukanda mtupu kila siku. Hawakungoja mtaalamu wa kuwaandikia. Kijitabu chao kilichapishwa tena mwaka 1990 na mtaalamu Johannes Fabian, na leo wanachuo wa nchi za mbali wanakisoma ili kujua mji ule ulionekanaje kwa jicho la aliyeutumikia.

Ndugu wasomaji, kambi yetu nayo ilichorwa kwa rula. Ina bloku, ina namba, ina eneo tupu kati ya ofisi na makazi. Nasi tayari tumeigeuza: kuna soko ambalo halikuwa katika ramani, kuna njia za mkato zilizokanyagwa na watoto wa shule, kuna barza za udongo mbele ya nyumba za turubai. Wafanyakazi wa mashirika wanapotaka kupanga upya bloku fulani, tunawaomba wazitembee kwanza njia hizo na kuuliza kwa nini zipo. Mara nyingi zina sababu.

Nanyi wazee mliotoka Lubumbashi, Bukavu, Uvira, Bujumbura au mji mwingine wowote, kamati inawaomba jambo moja. Chukueni daftari, au mketi na kijana anayejua kuandika, mchore mtaa wenu kama mlivyouacha: nyumba ya nani ilifuata ya nani, kisima kilikuwa wapi, nani alijenga ukuta gani na mwaka gani. Siku ya kurudi, kama ikija, huenda maswali ya viwanja yakawa mengi na karatasi zikawa chache. Na hata kama siku hiyo itachelewa, watoto waliozaliwa hapa watajua kwamba wazazi wao walikuwa wajenzi wa miji kabla ya kuwa namba katika kadi ya posho.

Madaftari yapo ofisini kwa kamati. Karibuni.